Kanga yangu ilipata 38: jinsi usanifu unavyofundishwa na kupimwa chuo kikuu



Wiki haipiti bila kijana kuniuliza swali lile lile. Kajifunza Photoshop mwenyewe, anatengeneza kadi za harusi na nembo za saluni mtaani, watu wanamlipa. Sasa anataka kwenda kusoma usanifu chuo kikuu, au keshaingia na yuko mwaka wa kwanza analia. "Kaka, kazi yangu ilikuwa kali kuliko za wenzangu wote, mbona nimepewa C?" Mwingine ananiambia, "Hawa walimu wanaangalia sura tu." Leo nimeamua kuandika jibu moja refu, ili mwingine akiniuliza nimpe tu anuani ya ukurasa huu akasome.

Nikisema usanifu nina maana ya kile ambacho wengi tunakiita dizaini: mabango, vifungashio, vitambaa, samani, majengo, na siku hizi kurasa za simu. Fani ni tofauti, ila namna ya kufundisha na ya kutoa alama inafanana sana. Na jibu langu kwa kifupi ni hili: chuoni hawapimi, au tuseme hawatakiwi kupima, uzuri wa picha peke yake. Wanapima kama unajua kwa nini umefanya ulichofanya, na kama kitu chako kitafanya kazi kwa mtu uliyemkusudia. Tatizo ni kwamba mara nyingi hawakwambii hivyo mapema, na hapo ndipo vijana wengi wanapoumia. Na mimi niliumia.

KANGA YENYEWE

Muhula wa pili wa mwaka wa kwanza tulipewa kazi ya kusanifu kanga ya kuhamasisha watu kunawa mikono. Tulipewa wiki 3. Mimi nilijiona mjanja wa kompyuta, basi nikakaa usiku na mchana. Katikati nikaweka picha ya mikono miwili chini ya bomba, maji yanamwagika, rangi zinafifia taratibu kutoka bluu kwenda kijani. Juu ya picha nikaandika ujumbe wa mistari mitatu kwa herufi nyembamba za mwandiko wa mkono. Kwenye kioo cha kompyuta ilikuwa inang'aa hadi wenzangu wa bwenini wakaniomba niwape wakaiweke kwenye kompyuta zao.

Siku ya kutetea kazi, kila mtu anabandika yake ukutani, anasimama mbele ya jopo la walimu watatu, anajieleza dakika 10. Nilipomaliza, mwalimu wa kwanza akauliza, "Jina la kanga liko wapi?" Nikamwonyesha ule ujumbe wa katikati. "Mvaaji akijifunga kiunoni, litaonekana wapi?" Nikanyamaza. Wa pili akauliza, "Umetumia rangi ngapi?" Nikasema sijahesabu. Wa tatu aliangalia muda mrefu, akasema, "Mimi haijanigusa," akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Matokeo yalipotoka nilikuwa na 38. Pale chuoni kwetu chini ya 40 ni sapu. Nililia, sifichi. Nilikuwa nimeona kanga za wenzangu zilizopita, nyingine zilikuwa mbaya kwa macho yangu, duara tupu na nukta nukta.

Kilichonifungua macho hakikuwa chuo. Likizo ilipofika nilikwenda kwenye maduka ya kanga ya mtaa wa Uhuru, pale Dar, nikiwa na karatasi yangu mkononi. Nikamkuta mama mmoja muuzaji amekaa kwenye benchi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unatafuta doti ya nani?"

Nikamwambia sitafuti doti, natafuta ushauri. Akaichukua karatasi yangu, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Akasema, "Hii ni picha nzuri mwanangu, lakini siyo kanga. Pindo liko wapi?" Akavuta doti moja rafuni, akaikunjua, akanipa somo la dakika kumi ambalo sijawahi kulisahau.

Kanga, alinionyesha, ina sehemu tatu. Kuna pindo, yaani ukanda unaozunguka pande zote nne. Kuna mji, yaani uwanja wa katikati. Na kuna jina, yaani maneno, ambayo hukaa ndani ya mji kwa chini, juu kidogo ya pindo la upande mrefu. Kanga moja ina urefu wa kama sentimeta 150 na upana wa kama sentimeta 110, na zinauzwa mbili mbili, pea moja inaitwa doti, zikiwa bado hazijakatwa. Mnunuzi anazikata mwenyewe na kuzipinda. Akijifunga moja kiunoni, jina linakaa kwa nyuma, na anayemfuata njiani ndiye anayelisoma. Sasa yangu, ule ujumbe wa mistari mitatu ungeishia kwenye mikunjo ya kiuno, na ile mikono ingekatika vipande. Na kwa kawaida kanga huchapwa kwa rangi chache bapa, kila rangi na kiolezo chake. Zile rangi zangu za kufifia kiwanda kingeniambia nizichape kwenye karatasi.

Kwa hiyo walimu wawili wa mwanzo walikuwa sahihi kabisa. Walikuwa wananiuliza maswali yale yale ya mama wa Uhuru. Wa tatu, aliyesema haijamgusa, mpaka leo sijui alikuwa anapima nini. Shikilia tofauti hiyo, maana nitairudia.

NADHARIA NILIFAULU, VITENDO NIKAFELI

Kinachochekesha ni kwamba muhula huo huo tulikuwa na somo la nadharia ya usanifu, na mimi nilipata A. Niliandika insha safi kabisa juu ya mlingano, ukinzani wa rangi, mdundo wa maumbo, na kwamba umbo la kitu lifuate kazi ya kitu. Nilikuwa nimekariri desa la kaka mmoja wa mwaka wa tatu. Halafu nikaenda kwenye kompyuta kusanifu kanga na sikutumia hata neno moja katika hayo. Na hakuna aliyeniuliza, kwa sababu mwalimu wa nadharia hakuwahi kuja kwenye kutetea kazi, na walimu wa vitendo hawakuwahi kuziona insha zetu.

Hili siyo tatizo la chuo kimoja wala la nchi yetu peke yake. Ni la muda mrefu. Ngoja nikuchukue haraka haraka kwa wenzetu uone walivyohangaika nalo.

Paris, karne ya 19, kwenye shule ya sanaa ya École des Beaux-Arts, wanafunzi wa usanifu majengo walikuwa wanajifunza kwenye karakana ya bwana mmoja, halafu michoro yao inakusanywa kwa mkokoteni kupelekwa kwenye jopo. Jopo lilikaa faragha. Mwanafunzi hayupo, anasubiri matokeo nje. Hakukuwa na kujieleza, mchoro wenyewe ndio uliosema. Neno la Kifaransa la mkokoteni, charrette, mpaka leo wanafunzi wa usanifu majengo duniani wanalitumia kwa maana ya ule mkesha wa mwisho kabla ya kukabidhi kazi.

Ujerumani, mwaka 1919, Walter Gropius akaanzisha shule ya Bauhaus mjini Weimar. Pale walijaribu kitu ambacho mimi nakipenda sana. Mwanafunzi anaanza na kozi ya msingi, anachezea karatasi, mbao, rangi, chuma, ili ajue tabia ya kila kitu. Baadaye anaingia karakana, iwe ya ufumaji au ya samani au ya vyuma, na kila karakana ina walimu wawili: mmoja msanii, anaitwa bwana wa umbo, na mwingine fundi, bwana wa ufundi. Yaani mwalimu wa insha na mwalimu wa vitendo wako chumba kimoja, juu ya meza moja. Shule ilipohamia Dessau mwaka 1925, wakaanza kuajiri vijana waliokulia humo humo, kina Marcel Breuer na Josef Albers, ambao wangeweza kubeba kofia zote mbili. Mwaka 1933, baada ya Wanazi kushika madaraka na kuibana, shule ikafungwa.

Baada ya vita, tena Ujerumani, shule ya Ulm ilifunguliwa mwaka 1953, ikaongeza hesabu, elimu ya alama na sayansi ya mwili wa mtu na vyombo anavyotumia. Pale waligombana kweli kweli: nadharia iwe kiasi gani na ufundi kiasi gani? Ugomvi haukuisha. Shule ilifungwa mwaka 1968, pesa nazo zikiwa zimekatika.

Uingereza wao walichukua njia nyingine. Mwaka 1960 ilitoka ripoti ya kamati iliyoongozwa na mchoraji William Coldstream, ikasema vyuo vya sanaa na usanifu vikitaka kutoa stashahada ya hadhi ya shahada, basi kama asilimia 15 ya muda itumike kwa historia ya sanaa na masomo ya kuongezea. Nia ilikuwa nzuri, kwamba mwanafunzi ajue kufikiri na kuandika na siyo kuchora tu. Ila katika vyuo vingi matokeo yake yakawa ndiyo yale niliyoyakuta mimi: nadharia ina mwalimu wake, chumba chake na mtihani wake, na studio ni dunia nyingine.

Sasa angalia India. Mwaka 1958 serikali yao iliwaalika Wamarekani wawili, mume na mke, Charles na Ray Eames, waishauri namna ya kufundisha usanifu. Ripoti yao ikachangia kuanzishwa kwa taasisi ya taifa ya usanifu mjini Ahmedabad mwaka 1961. Cha ajabu, kitu walichokisifia kuliko vyote walivyoviona India ni lota, kile chombo cha maji cha kawaida cha kila nyumba. Wakajiuliza, mtu angeanza vipi kukisanifu leo? Ajiulize kinabeba maji kiasi gani, kinashikwa na mkono wa ukubwa gani, kinabebwaje kikiwa kimejaa na kikiwa kitupu, kinamiminaje, kinaoshwaje, kinauzwa bei gani. Ukisoma maswali hayo unaona kwamba nadharia na vitendo ni kitu kimoja. Mama wa Uhuru alikuwa na orodha yake ya maswali kama hayo kuhusu kanga, ila hakuwahi kuyaandika.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki hatukuwa tumelala. Makerere, Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa miaka ya 1930, na shule ya sanaa ya chuo kile ikaja kupewa jina lake. Nairobi, katikati ya miaka ya 1960, msanii na msanifu kutoka Afrika Kusini, Selby Mvusi, alishiriki kujenga mafunzo ya usanifu pale chuo kikuu. Yeye alitaka mwanafunzi aanze na mahitaji ya Afrika ya wakati ule, viwanda vyake na watu wake, badala ya kuiga vya wengine. Alifariki mwaka 1967, mapema mno.

STUDIO INAVYOKWENDA

Kwa wale ambao hawajawahi kuingia, hivi ndivyo inavyokuwa. Kwenye masomo mengine mwalimu anasimama mbele, anaongea, unaandika. Studioni unapewa tatizo. Kwa mfano: wagonjwa wa zahanati fulani wanapotea, hawajui waanzie dirisha gani, sanifu alama za kuwaongoza. Hupewi jibu, na mwalimu mwenyewe hana jibu moja.

Hatua ya kwanza unakwenda zahanati, unakaa, unaangalia watu, unauliza. Ya pili unachora mawazo mengi, machafu, ya haraka. Mengi, siyo moja. Ya tatu mwalimu anapita mezani kwako, anakaa, anachukua penseli, mnaongea huku mnachora. Ya nne mnabandika kazi ambazo hazijaisha, darasa zima linakosoa. Ya tano unarekebisha, unajaribu kwa watu halisi, unarekebisha tena. Ya sita ndiyo kutetea mbele ya jopo.

Mmarekani mmoja, Donald Schön, alitoa kitabu mwaka 1983 juu ya namna wataalamu wanavyofikiri kazini. Alichunguza mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi wa usanifu majengo wakiwa juu ya mchoro, mwanafunzi amekwama, mwalimu anachora juu ya mchoro wake huku anaongea. Alichokiona Schön ni kwamba fikra inatokea humo humo kwenye kuchora. Unachora mstari, mstari unakujibu, unagundua kitu ambacho hukukitegemea, unabadilisha. Kwa hiyo ile hatua ya tatu, mwalimu alipokaa mezani kwako, ndiyo kipindi chenyewe. Wewe unayekimbia studio ukafanye kazi chumbani peke yako na kuileta siku ya mwisho imeiva, umejikosesha masomo yote, umelipia ada ya bure. Mimi ile kanga yangu hakuna mwalimu aliyeiona kabla ya siku ya jopo. Niliificha, nilitaka niwashtukize, na kweli niliwashtua!

SASA ALAMA ZINATOKA WAPI?

Kuna namna mbili kubwa za kutoa alama, na ni muhimu uzijue kabla hujalalamika.

Ya kwanza ni kukupanga na wenzako. Kazi zote ukutani, walimu wanazipanga kutoka nzuri hadi mbaya, ya juu inapata A, za chini zinapata sapu. Ukiwa na darasa la vipaji vitupu, kazi nzuri inaweza kupata C. Ukiwa na darasa dhaifu, kazi ya kawaida inapata A.

Ya pili ni kukupima kwa vigezo vilivyoandikwa kabla. Hata darasa zima likitimiza vigezo, darasa zima linafaulu. Hii ndiyo vyuo vingi duniani vinasema vinaifuata siku hizi. Kwa kazi kama ile ya zahanati, mimi ningeweka hivi kwa alama 100:

- Uchunguzi: umemwelewa mtumiaji na mazingira yake? Alama 20.
- Mawazo mbadala: umejaribu njia ngapi kabla ya kuchagua, na kwa nini umechagua hiyo? Alama 20.
- Utekelezaji: kitu chenyewe kinasomeka, kinatengenezeka, kinadumu? Alama 30.
- Maelezo: unaweza kueleza maamuzi yako kwa kutumia nadharia uliyosoma? Alama 20.
- Kujisahihisha: umeonyesha ulipokosea na ulichobadilisha? Alama 10.

Hiyo ni mifano yangu, kila somo litakuwa na yake. Ila angalia: picha ya mwisho, hata ikiwa moto, inabeba 30 tu. Zile 70 nyingine ziko kwenye daftari lako la michoro, kwenye zahanati, na kwenye mdomo wako. Mimi nilileta picha tu. Kwa vigezo hivi, zile 38 zilikuwa karibu na haki yangu! Ila ningeambiwa mapema ningekwenda mtaa wa Uhuru kabla, siyo baada.

Na nadharia hapo haina mtihani wake wa kukariri, imeingia ndani ya kazi. Huwezi kupata zile 20 za maelezo kwa desa, maana unaulizwa juu ya mstari wako mwenyewe: kwa nini herufi hizi ni nene? Kwa nini nyekundu hapa?

Sisemi insha zifutwe. Historia lazima isomwe, na kuna mambo huwezi kuyapata bila kukaa na kitabu. Nasema insha iulize juu ya kazi halisi, na mwalimu wa nadharia awepo kwenye jopo.

MAMBO MATATU YANAYOUMIZA WATU

Siku hizi naalikwa mara moja moja kukaa kwenye jopo kama mgeni kutoka kazini, kwa kuwa nafanya kazi na wachapishaji. Kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za meza. Nitasema ninayoyaona, chuo sikitaji.

La kwanza ni lile la "haijanigusa". Kuna siku binti mmoja alileta kazi ya alama za zahanati kama hiyo niliyoieleza. Kwa macho, kazi ya kawaida sana: namba kubwa, mishale minene, rangi tatu. Ila alikuwa na daftari limejaa. Alichora alama ya maabara kwa umbo la darubini, akaenda kuwaonyesha wagonjwa, wengi hawakuielewa, mmoja akasema ni cherehani. Akabadilisha, akaweka tone la damu, akarudi tena kuuliza. Aliyemfuata alikuwa kijana mwenye kazi ya kupendeza ajabu, imechapwa kwenye karatasi ya kung'aa. Tukamuuliza alimwonyesha nani, akasema rafiki zake. Tulipokaa kujumlisha, mjumbe mmoja akataka kijana apewe A na binti apewe C. Sababu? "Ya binti haina mvuto, na mimi zambarau sipendi." Nikaomba tufungue karatasi ya vigezo tusome kimoja kimoja kwa sauti. Ilituchukua karibu saa nzima, na kulikuwa na kununiana. Mwisho binti akapata B+ na kijana akapata C. Yule mjumbe siyo mtu mbaya. Ni kwamba bila karatasi kila mmoja wetu anapima ladha yake, hata mimi.

La pili ni pesa. Mwenye hela anachapa kazi yake kubwa, ya rangi, kwenye karatasi nzito. Ambaye bumu halijaingia anachapa nyeusi na nyeupe, anaunganisha kwa gundi. Jopo la watu waliochoka saa kumi jioni litavutwa na ile inayong'aa. Dawa yake ni rahisi: chuo kiseme wote wachape saizi moja, karatasi moja, au wote waonyeshe kwa projekta.

La tatu ni lugha. Unasanifu kwa ajili ya watu wanaoongea Kiswahili, umewahoji kwa Kiswahili, umefikiri kwa Kiswahili, halafu unatetea kwa Kiingereza mbele ya watu watatu wanaoongea Kiswahili. Nimeona wanafunzi wenye maamuzi mazuri kabisa wanasema sentensi mbili tu na kukaa. Kanuni za vyuo zinajulikana, siwaambii mzivunje. Ila mwalimu akiona mtu amekwama, amwambie, "Eleza kwa Kiswahili kwanza." Kama tunapima usanifu, tupime usanifu. Kiingereza kina mtihani wake.

NA HII AKILI MNEMBA JE?

Najua kuna mtu hapo keshafungua programu inayochora picha ukiiandikia maneno tu. Unaandika "kanga ya kunawa mikono", sekunde chache una picha 4. Zinapendeza kuliko ile yangu ya mwaka wa kwanza. Wengine wanasema basi shule ya usanifu imekufa.

Mimi naona kinyume. Kama chuo kilikuwa kinapima picha ya mwisho tu, kweli kimekwisha, maana picha sasa ni bure. Ila ile programu haijakaa kwenye benchi la zahanati. Ukitaka kujua, iambie ikupe kanga halafu angalia pindo, angalia jina limekaa wapi, ulizia rangi ngapi. Ikikosea, wewe utajuaje kama hujui mwenyewe? Kwa hiyo zile alama 70 za daftari na maelezo ndiyo zimekuwa na thamani zaidi. Walimu wanaoelewa wanaruhusu itumike, ila useme ulitumia wapi, ukachagua nini, ukakataa nini.

Ukishaingia chuo, siku ya kwanza ya kila kazi nyoosha mkono uulize mambo matatu, kwa adabu: vigezo ni vipi na kila kimoja kina alama ngapi? Nani watakaa kwenye jopo? Kazi ambazo hazijaisha zinaangaliwa lini? Mwalimu mzuri atafurahi kuulizwa. Tunza kila mchoro, hata ule mbaya, weka tarehe. Mwonyeshe mwalimu kazi ikiwa bado chafu. Na ukipewa alama usiyoielewa, usiende kubishana "yangu ni nzuri". Nenda uulize, "Ni kigezo gani sikukitimiza?" Kama hakuna anayeweza kukujibu swali hilo, hapo una haki ya kukata rufaa, fuata taratibu za chuo chako.

Mimi sapu niliifanya. Nilirudi na kanga ya rangi mbili, pindo la matone yanayofuatana, mji mtupu isipokuwa kiganja kimoja katikati, na jina la mstari mmoja kwa herufi kubwa mahali pake. Nilipata C, maana sapu kwetu ilikuwa haizidi C hata ufanyeje. Lakini nilipoipeleka kwa yule mama akaikunja kiunoni karatasi na yote, akageuka nyuma, akamwambia mwenzake wa duka la pili amsomee jina. Mwenzake akalisoma kwa sauti kutoka ng'ambo ya barabara. Akanirudishia karatasi akasema, "Haya, sasa hii ni kanga."

Nawasilisha wadau. Mliopo vyuoni, semeni huko kwenu vigezo mnapewa mapema au mnakutana navyo kwenye matokeo? Na walimu mnaopita humu kimya kimya, tunawaona, karibuni mtoe yenu.